Reli Nne za Mashua ya Mori

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, waheshimiwa machifu mliofika kutoka milimani na kutoka upande wa ziwa, Bwana Mwalimu Mkuu wa Shule ya Ufundi ya Nkende, Padre, Mchungaji na Shehe, ambao leo mmekaa benchi moja, walimu wenzangu, wazazi na wageni waalikwa, nanyi vijana wa karakana, ambao wengine wenu bado mna vumbi la mbao kwenye nyusi. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, nimepokea heshima zenu.

Mimi ni Nashoni Ryoba, na leo ni siku yangu ya mwisho ya kazi. Nimekuwa mwalimu wa useremala hapa tangu mwaka 1938, na sasa tunaumaliza 1957. Wasemaji walionitangulia wamenisifu. Wamesema kwamba shule hii ilijulikana mpaka Mwanza kwa sababu ya mashua ya tanga niliyoibuni nikaiita Mori, kwa jina la mto wetu. Wamesema pia, kwa upole sana, kwamba mashua hiyo ilipata ajali isiyokuwa kosa langu. Niliposikia hivyo nilishindwa kutulia kwenye kiti. Mwenyekiti wa sherehe alininong'oneza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamwambia hapana. Nawaomba mniruhusu niseme huku natembea kidogo, maana miguu yangu haikubali kusimama mahali pamoja.

Bwana Mwalimu Mkuu aliniomba nieleze historia ya mashua za mbio, ili vijana wajue mchoro ninaowaachia umetoka wapi. Nitaieleza. Lakini nawaomba mnifuate mpaka mwisho wake, kwa sababu mwisho wake uko hapa Tarime.

Nilipokuwa kijana nilivuka mpaka nikaenda Kisumu, nikapata kazi kwa Mskoti mmoja mzee aliyejenga mashua za tanga kwa ajili ya michezo ya Wazungu. Tulimwita Bwana Makrei. Mashua hizo wenyewe huziita yoti. Hazibebi samaki wala mahindi. Kazi yake ni kukimbizana tu. Mkurya kama mimi, niliyezaliwa kwenye ng'ombe, nilishangaa kwamba watu wazima hujenga chombo cha thamani namna ile kwa kukimbizana. Kisha nikakumbuka kwamba hata sisi tuna watu wanaolisha dume mwaka mzima ili ashinde dume la jirani, nikanyamaza.

Ukutani kwa Bwana Makrei kulikuwa na mashua zilizochongwa nusu, upande mmoja tu, zimepigiliwa kwenye mbao kama vichwa vya wanyama. Zamani, kabla ya michoro ya karatasi, fundi alichonga nusu ya mashua kwa kisu, akaipapasa, akaipunguza hapa na pale, kisha akachukua vipimo kutoka kwenye ule mti. Alinisimulia habari za ndugu wawili wa Amerika, mmoja wao kipofu. Yule kipofu alipitisha vidole juu ya nusu-mashua aliyochonga ndugu yake, akasema hapa maji yatakwama, na hapa yatapita. Bwana Makrei alinifumba macho kwa kitambaa, nami nikajifunza hivyo hivyo.

Alizishusha zile nusu-mashua moja moja akanieleza. Mwaka 1851 Wamarekani walivuka bahari na mashua moja, wakawashinda Waingereza nyumbani kwao. Matanga ya Waingereza yalikuwa ya kitani, yaliyotuna kama tumbo la mbuzi aliyeshiba. Ya Wamarekani yalikuwa ya pamba, yamenyooka kama ubao. Na ninyi akina mama, mnaijua pamba hiyo. Si ndiyo nguo tunayoiita marekani mpaka leo?

Baadaye Waingereza waliweka kanuni ya vipimo kwa ajili ya mashindano, na kanuni hiyo iliuadhibu upana. Mashua pana ilihesabiwa kuwa kubwa, ikadaiwa iwatangulie wenzake kwa dakika nyingi zaidi ndipo ihesabiwe imeshinda. Basi wabunifu walifanya nini? Walizibana. Mwaka hadi mwaka mashua zilikuwa nyembamba zaidi na zenye kina zaidi, zikatundikwa chini madini mazito ya risasi, mpaka zikafanana na ubao uliosimamishwa kwa ubavu. Moja ya hizo ilizama katika safari yake ya kwanza, na aliyeibuni alikuwa ndani yake. Ng'ambo ya pili, Wamarekani walizitengeneza pana na bapa kama sahani, na juu yake matanga makubwa kupita kiasi. Moja ilipinduliwa na upepo ikiwa bado imefungwa kwenye nanga, na mwenye mashua akafa pamoja na wageni wake. Ilibidi watu wafe pande zote mbili ndipo mafundi wakakaa katikati: upana kiasi, kina kiasi, na uzito wa kutosha chini kabisa.

Uzito huo unaitwa farumi, na ule uti wa mgongo wa mashua unaofungiwa farumi unaitwa mkuku. Shikeni maneno hayo mawili tu. Bwana Makrei aliniambia, "Nashoni, historia yote ya kazi hii ni fundi anayetaka kupunguza uzito ili ashinde, na maji yanayokataa." Nililiandika neno hilo ndani ya jalada la daftari langu, na nimewafundisha ninyi neno hilo hilo kwa miaka kumi na tisa.

Mwanzoni mwa mwaka 1953 shule yetu ilipata barua kutoka kwa kamati ya mashindano ya Musoma. Katika sherehe za Malkia kuvikwa taji kungekuwa na mbio za mashua za tanga, na safari hii Waafrika nao wangeruhusiwa kuingia, wakiwa na chombo. Nilisoma barua ile mara tatu nikiwa nimesimama. Usiku wa siku ile sikulala, wala usiku uliofuata. Niliona mashua yangu ikipita mashua za Wazungu mbele ya wilaya zote.

Lakini mbunifu hawezi peke yake. Hapa mjini kulikuwa na seremala, Ramadhan Bushiri, mtoto wa fundi wa vyombo aliyetoka pwani akaoa huku. Tulimwajiri shuleni kama fundi msaidizi. Mimi nilikuwa na kalamu na yeye alikuwa na mikono. Mkewe, Bi Mwantumu, alishona matanga kwa cherehani yake barazani, kwa marekani ileile niliyoisema, na akayanyoosha mpaka hayakuwa na mkunjo. Mbao zilikuwa za mvule. Farumi hatukuwa nayo, kwa kuwa risasi haipatikani. Ndipo Joram akasema, "Mwalimu, kwetu Nyangoto kuna reli za machimbo ya zamani, zimeachwa porini."

Wengi wenu mlimjua Joram. Alikuwa mhitimu wa shule hii, mtu wa miaka ishirini na minne, mtoto wa pekee wa mama Waisiko. Randa ilipokuwa mikononi mwake hukusikia sauti ya kukwaruza; ulisikia kama mtu anayepumua. Alituletea vipande kumi vya reli, kila kimoja futi sita, kila kimoja mzigo wa kutosha mtu mmoja. Fundi Ramadhan alivifunga kwenye mkuku, vitano kila upande, kwa boliti zilizopenya kutoka ubavu huu hadi ule. Akakaza kila nati mwenyewe.

Kabla ya kuzifunga, mimi nilitaka reli sita. Fundi alitaka kumi, tena alitaka mlingoti upunguzwe futi tano. Tulibishana wiki mbili.

"Mwalimu," aliniambia, "mlingoti huu mrefu ni wa bahari ya kwenye kitabu. Ziwa letu upepo wake haukubishii hodi."

Nikamjibu, "Fundi, na uzito huo tutafika kesho yake."

"Tufike kesho yake tukiwa hai," akasema.

Nilikubali reli kumi. Mlingoti sikuukubali.

Tuliipakia mashua kwenye lori, tukaivusha mto Mara kwa pantoni pale kivukoni Kirumi, watu wakitucheka kwamba Wakurya wamejenga nyumba yenye kisu chini. Tukaiweka ufukweni Musoma, imeegemezwa kwenye magogo. Asubuhi ya mbio upepo ulikuwa mdogo sana. Nilizitazama mashua nyingine, nyembamba, nyeupe, zinateleza kwa pumzi kidogo tu. Nikajua kwamba kwa upepo ule sisi tungekuwa wa mwisho, na kila mtu angesema, tuliwaambia.

Fundi Ramadhan alikuwa amekwenda mjini kuchukua kamba. Sasa nawaomba msikilize vizuri, maana nimeambiwa niseme kwa hesabu. Ilikuwa saa mbili kasoro robo. Reli nilizozitoa ni nne, mbili kila upande, zile za chini kabisa. Aliyeshika spana ni mimi, Nashoni Ryoba. Aliyezipokea ni Joram, kwa amri yangu.

Joram aliniuliza, "Mwalimu, Fundi anajua?"

Nikamwambia, "Nitamwambia."

Niliziba matundu kwa lami, nikaficha reli chini ya magunia ndani ya lori. Fundi aliporudi mashua ilikwisha kuwa majini. Sikumwambia.

Tulikuwa watatu ndani: Fundi kwenye usukani, Joram kwenye kamba ya tanga, na mimi. Mbio zilianza saa tatu. Ndugu zangu, nisiwafiche kitu: ilikuwa tamu. Mori iliruka. Katika mzunguko wa kwanza tuliipita mashua moja, kisha mbili, kisha zote. Niliwasikia watu wa Tarime wakipiga vigelegele ufukweni. Katika mzunguko wa pili maji ya mbali yalibadilika rangi, yakawa meusi, upepo ukawa unakuja.

Fundi akasema, "Mwalimu, mashua inalala upesi kuliko inavyopaswa. Tushushe tanga."

Nikasema, "Bado. Tunashinda."

Akanitazama. Hakuwa na muda wa kunitazama mara ya pili. Tulipokuwa tunaligeukia boya, upepo ulitupiga ubavuni, Mori ikalala, na haikuinuka. Mashua yenye farumi yake hulala na kuinuka. Hiyo ndiyo kazi ya farumi. Mori ililala na matanga yakanywa maji.

Mimi siwezi kuogelea. Fundi Ramadhan alinishika ukosi akanipandisha juu ya ubavu wa mashua. Kisha alizamia kumtafuta Joram. Alizamia mara tatu, na mara ya tatu alitoka na damu puani. Joram alikuwa amenaswa na kamba ya tanga, ikakatika ikazama naye. Tulimpata kesho yake.

Mnaijua habari hiyo. Iliyobaki hamuijui. Mashua ilivutwa ufukweni jioni ileile, watu wakamzunguka Fundi aliyekuwa ameketi mchangani analia. Mimi nilipita upande wa pili. Nikapeleka mkono chini ya mkuku, nikaichokonoa lami yangu kutoka kwenye matundu, tundu moja baada ya jingine, nikaitupa majini. Mtoto wa watu hajapatikana, na mimi nasafisha matundu.

Wiki iliyofuata tuliulizwa na kamati ya mashindano. Wazee wale hawana lawama. Waliamua kwa yale waliyoyasikia. Walimwuliza Fundi, "Ulifunga reli ngapi?" Akasema, "Kumi. Nilizikaza mwenyewe." Wakanigeukia. "Mwalimu Nashoni, wewe unasemaje?" Nikasema, "Kumi."

Nililisema neno hilo tu. Lilikuwa neno la kweli, alifunga kumi. Na kwa neno hilo la kweli nilisema uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Reli zilizokutwa zilikuwa sita. Kwa hiyo wakaandika kwamba boliti za fundi msaidizi zililegea zikaangusha reli nne ziwani. Shule ikamwondoa kazini. Mimi nilipewa pole, na mwaka uliofuata nikapandishwa cheo.

Bwana Mwenyekiti, naona unainuka. Nakuomba kwa heshima zote ukae. Nimebakiza kidogo.

Ninyi mnaniuliza mioyoni mwenu: kwa nini leo? Nimejiuliza hivyo mimi mwenyewe. Kwa miaka minne sikuweza kukaa sebuleni kwangu. Mke wangu alidhani ni ugonjwa wa mishipa. Kila darasa nililofundisha habari za farumi nilitoka nje katikati ya somo, nanyi vijana mlidhani nakwenda kuvuta tumbaku. Mwezi uliopita Bwana Mwalimu Mkuu aliniambia kwamba shule itajenga mashua ya pili, safari hii ya kuwavusha wagonjwa kutoka vijiji vya ziwani, na wataijenga kwa mchoro wangu wa Mori, kwa kuwa ubaya haukuwa kwenye mchoro. Nikasema ahsante.

Kesho yake nilikwenda Nyangoto kwa mama Waisiko. Nilimkuta anapalilia mtama. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye mtaro wa shamba lake. Alisikiliza bila kuliacha jembe. Nilipomaliza aliniuliza, kwa Kikurya, "Alikuuliza kama Fundi anajua?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Aliniuliza."

Akakaa chini mtaroni. Kisha akasema, "Umekuja kuniambia mimi. Lakini aliyefukuzwa kazi si mimi. Mimi kwa miaka minne namlaani mtu ambaye mwanangu alimpenda. Siku moja alinijia hapa kunipa pole na mbuzi, nikamfukuza na mbuzi wake. Nenda ukaondoe hilo kwanza, halafu ndipo uje tuzungumze habari zako na zangu."

Nilipanda lori la Mugumu, nikamkuta Fundi Ramadhan pale mtaa wa Morotonga, anakotengeneza milango na vitanda. Bi Mwantumu alinipa kiti, hakunipa salamu. Nilianza kusema, Fundi akanikatiza.

"Mwalimu, najua."

"Tangu lini?"

"Tangu jioni ile. Boliti iliyokatika huacha kisiki ndani ya mti. Iliyolegea huchakaza tundu. Matundu yale yalikuwa safi, yananuka lami. Mimi lami sikupaka."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akapuliza vumbi kwenye randa yake. "Nimwambie nani? Wewe ni mwalimu, mimi ni fundi wa mtaani. Tena nilikuwa nimekutoa majini kwa mkono wangu. Nilidhani mtu niliyemtoa majini atasema mwenyewe. Nikangoja mwezi, nikangoja mwaka. Halafu nikahamia huku."

Nilimwambia nitakwenda ofisini kwa Bwana Shauri, nieleze kwa barua. Akatikisa kichwa. "Jina langu hukulipoteza kwa barua. Ulilipoteza mbele ya watu. Na ukisimama mbele yao, usiwaambie kwamba wewe ni mtu mbaya, wakakuonea huruma. Waambie reli ngapi, saa ngapi, na nani alishika spana." Ndiyo maana niliwataka mnisikilize kwa hesabu.

Vijana, hiyo ndiyo historia ya mashua za mbio jinsi ninavyoijua. Wale Waingereza walibanwa na kanuni, wale Wamarekani walilewa matanga, na mimi sikubanwa na mtu. Nilikuwa na mchoro mzuri, nilikuwa na fundi aliyejua ziwa, nilikuwa na neno la Bwana Makrei kwenye daftari. Nilizipunguza reli nne kwa sababu ya makofi ya asubuhi moja.

Ziko pale nje, juu ya meza ya karakana. Nilizifukia nyuma ya zizi langu, nimezifukua leo asubuhi. Mnaweza kuona matundu ya boliti, hayajapinda. Bwana Shauri, nimekwisha kumkabidhi karani wako maelezo yangu niliyoyatia sahihi, na baada ya sherehe hii nitakuja popote utakaponiambia nije. Bwana Mwalimu Mkuu, saa ya ukutani mliyoniandalia naiacha hapa mezani; sistahili kuibeba. Mchoro wa Mori nimeuchana. Huu nilionao mkononi ni mwingine: mlingoti umepunguzwa futi tano, reli ni kumi, na chini yake pameandikwa jina la aliyenipa vipimo hivyo, Ramadhan Bushiri. Naiomba shule, mbele ya mashahidi hawa wote, isiujenge bila idhini yake, na iandike upya katika kitabu chake kwamba boliti zake hazikuwa na kosa lolote.

Mama Waisiko, nakushukuru kwa kukubali kuja na kukaa mstari wa mbele, mahali ninapokuona. Bi Mwantumu, Fundi, mmekaa karibu na mlango, na sikuwaomba mkae kwingine. Fundi hakuniahidi kitu. Alisema atakuja kusikia kama nitaitaja saa niliyozitoa reli.

Sasa naona amesimama. Sijui kama anakuja huku mbele au anatoka. Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio mliyonipa mpaka hapa. Mpisheni njia, upande wowote atakaokwenda.